Dakika Tisa za Oksijeni

Mwewe alipanda ngazi nne kwa mpigo, bastola ya Glock mkononi.

Juu yake mlango wa chuma ulibamizwa.

"Mwewe, uko wapi?" Mkuu aliuliza redioni.

"Ghorofa ya tano. Yule mlanguzi wa oksijeni yuko ndani na mwanahesabu aliyemteka."

"Genge lake limeharibu programu inayopanga vali za oksijeni hospitalini. Mitungi imebaki na dakika tisa." Mkuu aliongeza: "Mwanangu, mama yako yuko wodi ya tatu. Nilitaka usikie kwangu."

Mwewe alishukuru kimoyomoyo. Mwingine angemficha.

Risasi moja, kufuli likaruka. Goti moja, mlanguzi akalala sakafuni na pingu.

Mwanahesabu alikuwa amefungwa kamba hadi vidole vimekufa ganzi. Mwewe alizikata, akamsugua mikono taratibu, ingawa saa ilimkimbia.

"Fungua hiyo kompyuta ya Lenovo, kaka," mwanamke huyo alisema. "Uandike wewe, nitakutajia."

Programu ilitafuta mpangilio wa vali wenye upungufu mdogo kuliko yote. Namba zilishuka, zikashuka, zikasimama.

IMEFIKA.

Lakini presha ya oksijeni wodi ya tatu iliendelea kuanguka. Mwanahesabu alitikisa kichwa.

Mlanguzi alimcheka. "Mashine imeshasema, mama. Wewe nani ubishe?"

"Mmenyofoa kipimo cha mkunjo," mwanahesabu alimjibu.

"Dada, niambie kwa lugha yangu," Mwewe alisema.

"Tumesimama mgongoni mwa punda. Mbele kwapanda, nyuma kwapanda, chini ya nyayo pametulia. Ukipima mteremko tu, utadhani umefika bondeni. Mkunjo ndio unaoonyesha kwamba ubavuni kunashuka."

"Na zile vali zinazojifunga ghafla?"

"Hapo pana kona, mkunjo haupimiki. Zilizojifunga ziache zilivyo. Tupime zilizobaki."

Dakika nne.

Mwanahesabu alitaja mistari kumi na miwili ya programu kwa kichwa. Mwewe aliandika kwa vidole viwili, jasho likidondokea vitufe.

Mstari wa saba Mwewe alikosea.

"Futa. Pole pole, kaka yangu. Haraka itatuua."

Dakika moja.

Akabonyeza.

Namba zilitikisika, zikageukia ubavuni, zikaporomoka. Hatua sita tu, zikatulia.

Mwewe alisogeza redio sikioni.

"Mwewe." Sauti ya Mkuu ilikuwa nzito. "Presha imerudi wodi zote. Muuguzi anasema mama yako anauliza kama umekula."

Mwewe alivua koti, akamfunika mwanahesabu mabegani. Akamwinua mlanguzi kwa ukosi.

"Mwambie bado," alisema, akaanza kushuka ngazi, moja moja.