Ukungu Ulipofunguka

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Bhoke na Agustina walikwenda pamoja mtoni kuteka maji. Walikuwa majirani kijijini Machochwe, na wote wawili walisoma darasa la sita katika shule ya kati. Katika mitihani walipishana kwa alama chache tu, na aliyetangulia daima alikuwa Agustina. Bhoke alicheka naye njiani, lakini moyoni alimwonea kijicho.

Mwaka 1956, padri wa misheni alitoa lori lake liwapeleke wanafunzi sita Ngorongoro, wakalitazame ziwa la magadi lililomo ndani ya shimo kubwa la mlima uliolipuka zamani za kale. Wazazi walichanga unga wa wimbi na vibuyu vya maziwa ya mgando kwa ajili ya safari. Kwa sababu hiyo, Mwalimu Nikodemo alitaka mwanafunzi mmoja awasimulie wazazi hao siku ya Ijumaa yale yatakayoonekana. Alimchagua Agustina.

"Sauti yako husikika mpaka zizini," alimwambia, na darasa zima likacheka. Bhoke hakucheka.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mzee Nyangwine, babu yake Agustina. Katika ujana wake alikwenda huko kwa miguu kuchukua magadi ya kulambisha ng'ombe. Sasa alikuwa kipofu.

"Mjukuu wangu, niangalizie jambo moja," alisema. "Wale ndege wekundu, je, wangali wanasimama majini?"

"Nitakuletea habari zao, babu."

Lori liliwatikisa siku nzima. Agustina alianza kutapika walipopita Ikoma, na asubuhi ya pili, walipofika mahali pa kutazamia, hakuweza hata kusimama. Alilala ndani ya lori, amejifunika blanketi. Nje kulikuwa na ukungu mzito. Shimo na ziwa havikuonekana. Lori nalo lilihitaji maji, hivyo Mwalimu Nikodemo na wanafunzi wanne walimfuata dereva kijitoni.

"Bhoke, wewe baki hapa," mwalimu alisema, akimkabidhi filimbi. "Ukungu ukifunguka, mwamshe mwenzako kwanza, kisha utuite."

Haukupita muda mrefu, upepo ukavuma. Ukungu uliachana mabonge mabonge, kama maziwa ya mgando yanapotikiswa kibuyuni. Bhoke alishika kinywa. Chini, mbali sana, palikuwa na bonde lililozungukwa na kuta za milima pande zote. Katikati yake ziwa lilimeta, kingo zake nyeupe kwa magadi, na magadi yalipoishia palikuwa na utepe mwekundu uliosogea polepole. Walikuwa heroe, wale ndege wekundu, maelfu kwa maelfu.

Aliinua filimbi mpaka midomoni. Kisha akageuka, akalitazama lori.

"Kila siku yeye," aliwaza. "Leo nami niwe na changu."

Akaishusha filimbi. Muda mfupi baadaye ukungu ulirudi, ukafunika kila kitu.

"Vipi?" mwalimu aliuliza aliporejea.

"Bado, mwalimu."

Walingoja hadi adhuhuri. Walijaribu mahali pengine pa kutazamia, mbele kidogo, lakini hapo pia hawakuona kitu. Wakageuza lori. Bhoke alikuwa peke yake mwenye ziwa, lakini njia nzima hakuweza kumwambia mtu hata neno moja juu yake.

Siku ya Ijumaa, Agustina alisimama mbele ya wazazi.

"Sitawadanganya," alisema. "Tulifika, lakini mimi niliona ukungu tu."

"Haya!" Mama Kisyeri alipiga makofi. "Unga wangu umesafiri kwenda kutazama moshi! Hata jikoni kwangu moshi upo!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Nyangwine hakucheka. "Na wale ndege, mjukuu wangu?"

"Sikuwaona, babu. Nisamehe."

"Basi," mzee alisema, akaanza kuipapasa ardhi akiitafuta fimbo yake.

Bhoke aliutazama mkono ule ukipapasa, akashindwa kuvumilia.

"Wapo, babu!" alisema kwa sauti, akiinuka. "Niliwaona. Ukungu ulifunguka, nami sikumwamsha Agustina. Nilimwonea wivu."

Kicheko kilikatika. Agustina alimgeukia, macho yamejaa machozi.

"Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwako, Bhoke. Hatua kumi!"

Mzee alimwuliza Bhoke, "Walisimama wapi?"

"Magadi yanapoishia, babu."

"Ni papo hapo," mzee alisema, na uso wake ukakunjuka. "Papo hapo."

Mwalimu Nikodemo alisimama. "Bhoke, Agustina alipokupita darasani hakukunyang'anya kitu. Wewe umemnyang'anya ziwa zima, na bado halikukufurahisha. Wivu humnyima mwenzako, nawe haukushibishi. Utamsimulia yote uliyoyaona, naye atayaandika na kuyasoma hapa Ijumaa ijayo."

Kesho yake alfajiri, Bhoke alisimama njiani na mtungi wake, akiwa na hofu kwamba angekwenda mtoni peke yake. Agustina alitokea, akampita bila salamu. Baada ya hatua kadhaa alisimama, asigeuke.

"Anzia mwanzo," alisema. "Ukungu ulianza kufunguka upande gani?"