Namba ya Sesilia

Rhoda ni mtoto wa jirani yetu hapa Ibadakuli, binti wa kwaya, hana tabia ya kuzua maneno. Nakiri kwamba aliponihadithia mara ya kwanza nilimcheka. Mungu anisamehe. Sasa sicheki.

Alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni upande wa Geita, na alikuwa kiranja wa bweni lao. Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote. Wasichana walipiga deki, wakaanika magodoro, wakagombania kamba za nguo. Martina alimwaga maji ya sabuni mlangoni kisha akateleza mwenyewe, bweni zima likapiga kelele mpaka matroni, Mama Cornel, akatoka kuuliza nani amekufa.

Sesilia, aliyelala kitanda cha chini ya kile cha Rhoda, hakucheka. Alimvuta Rhoda nyuma ya tanki la maji.

"Dada Rhoda, mama anaumwa. Nimeomba ruhusa, matroni anasema mpaka mzazi apige simu. Sasa mgonjwa atapigaje simu?"

"Unataka nini?"

"Niende nyumbani Buseresere, nilale, kesho nirudi. Napita njia ya mkato kule kwenye maduara. Wewe nisaidie namba tu."

Maduara ni mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Yale ya nyuma ya shule yaliachwa zamani, baada ya udongo kuporomokea watu, na wenyeji hawakati hata kuni pale. Na namba ilikuwa hivi: kila jioni saa kumi na mbili wasichana ishirini na wanne walipanga mstari barazani, kila mmoja akataja yake. Mama Cornel alisikiliza tu, kawapa mgongo, anachambua maharage. Sesilia alikuwa wa ishirini na tatu. Rhoda, kiranja, alifunga mstari.

Rhoda alijua ni kosa. Lakini alimhurumia mwenzake, na tena, anasema mwenyewe, alipenda kule kuombwa. Jioni akabana pua: "Ishirini na tatu." Kisha kwa sauti yake: "Ishirini na nne." Mstari mzima ukabana kicheko. Halafu akaongoza sala, kwa mdomo uleule.

Jumapili Sesilia hakurudi.

"Kanogewa na michembe, viazi vikavu vya kwao," alisema Martina.

Rhoda akabana pua tena. Usiku akawaza. Akisema leo, ataulizwa kwa nini hakusema jana. Asiposema, na mwenzake amepatwa na jambo njiani, nani atamtafuta mtu ambaye kila jioni anahesabiwa yupo?

Jumatatu wakapanga mstari. Kati ya Martina na Rhoda palibaki nafasi ya mtu mmoja.

"Ishirini na mbili," alisema Martina.

Rhoda akavuta pumzi.

"Ishirini na tatu."

Hakuwa yeye. Mdomo wake ulikuwa bado umefumba. Sauti ilitoka pale kwenye nafasi, kimo cha bega lake. Wala haikuwa sauti ya Sesilia. Ilikuwa ile ya kubana pua.

"Kiranja umesinzia?" aliuliza Mama Cornel bila kugeuka.

"Ishirini na nne."

Mstari ukavunjika. Martina akamsogelea, akanong'ona, "Leo umezidi. Mpaka umenipulizia shingoni."

"Siyo mimi."

Wakatazama chini. Baraza lilikuwa kavu. Pale kwenye nafasi palikuwa na nyayo mbili za udongo mwekundu, mbichi. Vidole vilielekea mlango wa bweni.

Rhoda aliingia peke yake. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Chandarua cha Sesilia kilikuwa kimeshushwa. Kimechomekwa chini ya godoro, pande zote. Kutoka ndani. Kilivimba kidogo. Kikanywea. Kikavimba.

Alikimbia mpaka chumbani kwa matroni, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Sesilia hayupo. Tangu juzi. Mimi ndiye ninayemhesabia."

Mama Cornel alikunja uso. "Acha utani, mtoto. Sesilia katoka hapa sasa hivi. Kaomba maji."

Akaonyesha kikombe mezani. Maji yaliyobaki yalikuwa mekundu. Mama Cornel aliyaona wakati huohuo.

"Mayu!" alisema kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayemwita mama yake, akajifunga kanga kiunoni.

Simu ikapigwa Buseresere. Aliyepokea ni mama yake Sesilia mwenyewe. Alikuwa amepata nafuu. Alishukuru kukumbukwa, akauliza mwanawe hajambo.

Mzee Maganga, mlinzi, aliita wachimbaji wanne wakaja na kamba na tochi za kichwani. Kule maduarani waliita jina lake shimo kwa shimo; la nne likajibu. Walimtoa Sesilia akiwa hai, mguu umevunjika, na midomo imepasuka kwa kiu.

Kesho yake Rhoda alisema yote mbele ya shule nzima. Alivuliwa ukiranja, akapewa adhabu, akaipokea. Aliomba jambo moja tu, aende hospitali kumwangukia mwenzake. Mama Cornel akampeleka.

Sesilia alilala akitazama ukuta, kichwa kimefungwa kitenge. Aliongea kwa kunong'ona.

"Nilitaka kupiga kelele, dada. Lakini kila jioni nilisikia sauti yako inataja namba yangu. Na yule niliyekuwa naye kule akaniambia, unasikia? Wewe uko bweni. Sasa huyu wa hapa ni nani?"

"Yule nani?"

 Muuguzi alikuja kumsafisha kidonda cha kichwa, akafungua kitenge. Mama Cornel akashika ukuta. Ijumaa, siku moja kabla ya Sesilia kutoroka, bweni zima lilikuwa limenyolewa, na matroni mwenyewe ndiye aliyeshika mashine.

Nywele za Sesilia zilifika mabegani. Upande wa kulia zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka, mafuta yanang'aa. Upande wa kushoto zilikuwa zimechambuliwa tu, zimetulia.

"Nani kakusuka hivi?" aliuliza muuguzi.

Sesilia aliinamisha kichwa taratibu kuelekea upande wa kitanda usio na mtu, akageuza shavu la kushoto juu, akatulia, kama mtu anayesubiri amaliziwe.