Tulimwacha Mama Mkwe Alinde Nyumba

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mgwashi huku milimani. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa kwa kaka yangu, nimerudi na virago kama mke aliyepewa talaka. Sijaachika, jamani. Nimefukuzwa na mto!

Niliolewa Mombo, chini kabisa, mlima unapoishia na barabara kuu inapopita. Mume wangu alikuwa fundi pikipiki, mimi nikiuza peasi na karoti kwa abiria wa mabasi. Nyumba yetu ilikuwa karibu na mto, na tuliishi na mama yake. Wanawake wenzangu huwasema vibaya mama wakwe zao... wangu mimi alinikanda maji ya moto kila nilipojifungua, mara zote tatu, na nikigombana na mwanawe alisimama upande wangu. Nilimpenda sana.

Siku moja walikuja wataalamu na vyombo vya kupimia. Tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa inachorwa ramani ya maeneo yanayofikiwa na mafuriko. Watakaoangukia ndani ya mstari watapewa viwanja mahali pa salama. Ila kwanza ramani ipitiwe, ikaguliwe, iidhinishwe. Hadi hapo tusijenge, tusikarabati, tusubiri.

Tukasubiri... Ramani ile imetembea kuliko mimi! Mara iko wilayani, mara mkoani, mara imepanda makao makuu, mara imerudishwa ikarekebishwe. Ukuta wa jikoni ukapasuka na hatukuthubutu kuuziba.

Kisha mwenyekiti wa kitongoji akatutangazia kuwa wahakiki watapita siku yoyote kutazama nyumba zilizo ndani ya mstari. Akasema, "Nyumba isiyo na mtu haihesabiwi."

Maneno hayo yakageuka sheria yetu pale mtoni. Kila nyumba ilibakiza mtu, mchana kutwa. Hata msibani tulikwenda kwa zamu, mmoja akirudi ndipo mwingine atoke! Na walioachwa zaidi ni wazee, kwa sababu hawakuwa na genge wala gereji ya kukimbilia.

Masika yalipoanza nilitaka tupande sote Mgwashi. Mume wangu akasema niwapeleke watoto, yeye na mama watabaki hadi uhakiki upite. Mimi ni mkwe tu, ningesema nini? Nilimpigia magoti mama, nikamwomba twende wote. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, nikiondoka mimi, hicho kiwanja mtapewa kwa uzuri wa sura zenu?" Nikacheka naye. Mungu wangu, nilicheka!

Nikapanda na watoto tu. Wiki ile mvua ilifunika milima yote. Kila Msambaa anajua kuwa mafuriko ya Mombo hayatangazwi na mawingu ya Mombo. Maji ya Soni, huko juu mlimani, hushuka kimya, yakakukuta umekaa juani. Asubuhi nikampigia mama simu. Mume wangu alikuwa ameondoka kwenda wilayani kuulizia ramani, kwa hiyo mama alikuwa peke yake.

"Huku jua kali, nimeanika mahindi," akaniambia.

"Mama, toka hapo! Nenda hata stendi ukakae."

"Nimesikia wahakiki wanakuja leo. Wakinikosa je? Nitaendaje kumwambia mwanangu kwamba nyumba yake imeachwa kwa sababu nilikuwa stendi?"

Nilimsihi hadi sauti ikanikauka. Akanishukuru kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa kumjali, "Hongea, mwanangu, hongea sana." Akakata simu akageuze mahindi. Nilipopiga tena simu haikupatikana... Nikapiga, nikapiga, nikapiga!

Saa hiyo mwanawe alikuwa kwenye benchi la ofisi. Aliambiwa ramani iko mezani, inasubiri saini tu, avute subira.

Mama alikutwa kwenye mashamba ya mpunga, mbali na nyumbani, maji yalipopungua. Hatukuweza hata kumzika nyumbani, maana nyumbani hapakuwepo tena. Mto ulikuwa unapita palepale tulipokuwa tukilala.

Baadaye wahakiki wakaja kweli. Nilishuka Mombo siku hiyo, nikamkuta binti mmoja mtaalamu, mpole, akaniamkia shikamoo. Nikamweleza kwamba sisi tulifuata maagizo, tulimwacha mtu nyumbani kama ilivyotakiwa. Akafunga daftari lake. Halafu akaniuliza taratibu, "Mama, nani aliwaambia hivyo? Sisi hatuhitaji mtu awepo. Nyumba zote tulishazihesabu kwenye picha zilizopigwa kutoka angani."

Picha! Mama yetu alikuwa akilinda nyumba iliyokwisha kuhesabiwa!

Nilimfuata mwenyekiti niking'aka. Akalia mbele yangu. Naye alikuwa ameambiwa na mtu, na mtu huyo naye aliambiwa. Nimshike nani shati? Nimkasirikie nani? Na ile ramani haikupata saini, maana mto umehama njia, kwa hiyo yote yatapimwa upya. Tumeambiwa tusubiri.

Wasomaji wenzangu, kama nyumba yako iko ndani ya mstari wa aina hiyo, nenda mwenyewe ofisini uulize sheria kwa anayeiandika, usiichukue mkutanoni ukaifanya amri. Na mvua ikianza huko juu, watoeni wazee kwanza. Kiwanja kisipopatikana mtalala kwa ndugu, kama ninavyolala mimi leo. Mama hapatikani mwingine!

Nimemwambia hayo mume wangu hadi nimechoka. Kila asubuhi bado anashuka Mombo, anakaa juu ya jiwe pale lilipokuwa geti la nyumba yetu, hadi jioni. Anasema wahakiki wakija tena, wakute mtu.