Majina Yaliyovaa Namba

Jumamosi hiyo soko la Kyela lilifurika mitumba, redio za kaseti na makelele ya biashara huria. Nsajigwa, kijana wa suruali iliyonyooshwa pasi, alikuwa anataka kulipia mchele, mara mkono mwembamba wenye bangili ukampita, ukazama ndani ya gunia hadi kiwiko.

"Kaka, unanunua wa juu tu?"

Msichana wa mtandio wa kijani alifungua kiganja. Mchele wa chini ulikuwa chenga tupu. Muuzaji akanuna.

"Ndaga fijo, asante sana, dada," alisema Nsajigwa. "Huzamisha mkono kila mahali?"

"Kabla ya kuamini, ndiyo."

Jumatatu walikutana tena, meza moja, katika ofisi ya utafiti wa mpunga. Sabrina, binti wa Mzee Abdulwahab wa duka la vitenge, ndiye mtakwimu mpya. Kompyuta yao ilitumia R, lugha ya takwimu. Nsajigwa aliiongezea kipande cha lugha ya C ili ihesabu mavuno haraka. Lakini kipande hicho hakikuuliza kitu. Kikipewa maneno kilidhani ni namba, R nzima ikaanguka na kazi ya asubuhi ikapotea.

Masika yalipoanza, walikuwa wapenzi.

"Weka ukaguzi mlangoni, mpenzi," alisema Sabrina. "Kiulize kwanza: nimeletewa namba? Kama sivyo kikatae kwa adabu, kisife."

"Kama baba yako anavyopokea wachumba?"

"Baba huuliza. Wewe jibu tu."

Aliweka ukaguzi. Kesho yake kompyuta ikadai kwamba wastani wa mavuno ni gunia moja na nusu. Sabrina alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Umeipa safu ya vijiji badala ya magunia! R huyatunza majina kwa namba ndani yake: Busale moja, Talatala mbili. Ukaguzi wako umeona namba, ukafungua mlango."

"Nifanyeje sasa?"

"Usitazame kilichovaliwa. Uliza ni nani."

Alirekebisha siku ileile. Wiki iliyofuata, Sabrina akiwa mashambani Busale, Nsajigwa alikwenda dukani kwa mzee amevaa kanzu na kofia za kuazima.

"Naitwa Athuman," alisema. "Nafanya kazi na Sabrina, nimekuja kumposa." Mzee akamkaribisha kahawa.

Jioni, Sabrina akiwa amerudi nyumbani, simu ya ofisi ililia.

"Hongera, Athuman," ilisema sauti ya Sabrina.

"Mpenzi, nimefanya kwa ajili yako."

"Umesilimu lini?"

Nsajigwa aliivua kofia ya kuazima.

"Nsajigwa, nakuuliza."

"Ningesilimu baadaye. Baba yako asingenipokea."

"Nilishamweleza. Jina lako, kanisa lenu, mama yako wa Talatala. Alinuna siku mbili, kisha akasema: aje mwenyewe, tumsikie, tumpe muda. Leo ananiambia nina wachumba wawili, Athuman aliyekuja na Nsajigwa niliyemtaja. Ananiuliza namtaka yupi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia Athuman simjui. Na Nsajigwa hakuja."

Simu ikakatwa.

Sabrina alihamia Mbeya kabla ya mavuno. Meza yake alipewa Andrea, ambaye siku ya kwanza tu alikosea safu, akaipa kompyuta vijiji badala ya magunia. R haikuanguka. Iliandika kwenye kioo, kwa maneno ambayo Nsajigwa mwenyewe aliyatunga: *Haya ni majina. Siwezi kuyapokea kama namba.*

"Kaka, hii ni nzuri sana," alisema Andrea. "Nani alikufundisha?"

"Dada mmoja aliyezamisha mkono ndani ya gunia," alisema Nsajigwa, akitazama mvua ikinyesha juu ya soko.