Aliyegonga Mwambani

Shangazi yangu Rafila alinisimulia haya mara moja tu, tukitoa kokwa za plamu za kukausha, na muda wote hakuniangalia usoni. Nami nawaambieni kama nilivyoambiwa. Asiyetaka kuamini, shauri yake.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, kabla ya vita, kijijini kwetu kwenye milima ya Apuseni. Shangazi alikuwa anafua. Mumewe, Candin, aliondoka alfajiri, akasema anakwenda mnadani Câmpeni kutafuta ndama. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na shimo la dhahabu, urithi wa tangu babu wa babu yake Candin, lakini mwaka ule serikali iliipa kampuni kibali cha mlima mzima. Yaani jana mchimbaji, leo mwizi! Candin alishalala mahabusu mara mbili kwa kuingia shimo lake mwenyewe. Mara ya pili Shangazi alimwapisha mbele ya picha ya Mama wa Mungu kwamba haingii tena.

Saa nne akaja Zaharie, binamu yake Shangazi, aliyeajiriwa na kampuni kuwa mlinzi. Nyuma yake wanaume wawili wamebeba masanduku.

"Dada Rafila, shemeji yumo shimoni?"

"Hayumo. Yuko mnadani. Au na mnada mmeukatia kibali?"

"Acha utani, dada. Leo niambie kweli."

"Nimeshasema hayumo! Sogea huko, unanikanyagia shuka."

Walikuwa wamebeba baruti. Mdomo wa shimo ukalipuliwa, ukafukiwa. Vumbi likatua kwenye nguo zilizoanikwa, na Shangazi akazifua upya huku akiitukana kampuni yote, mpaka mpishi wao.

Mchana akasikia kitu ndani ya mlima. Ngo. Ngo. Ngo.

Kwetu kila mtu anamjua Vâlva, mwanamke wa mgodini. Dhahabu ni yake. Akiudhiwa hugonga mwamba, na ukimsikia unafanya ishara ya msalaba, unaondoka, maana anayemfuata harudi. Basi Shangazi akafanya msalaba, akafunga madirisha. Majirani nao vivyo hivyo.

Jumatano, tena. Ngo. Ngo. Ngo. Vibarua wa kampuni wakatupa sururu wakatimua mbio, na Shangazi akafurahi, Mungu amsamehe.

"Wakomeshe, mama," alinong'ona dirishani. "Wafukuze wote."

Alhamisi asubuhi jirani yao Todor akarudi kutoka mnadani, anaswaga ng'ombe wake.

"Todor, Candin umemwacha wapi?"

"Candin? Mbona sikumtia machoni?"

Shangazi akakimbilia bandani. Taa ya mgodini haipo. Nyundo haipo. Kumbe aliingia shimoni achukue dhahabu kidogo tu, ya kununulia huyo ndama.

Alipanda mlima anapiga mayowe, akaanza kufukua mawe kwa mikono. Zaharie alikuwa pale na bunduki.

"Dada, nimeamriwa. Hapa ni pa kampuni."

"Mume wangu yumo humu! Haya, nipige!"

 Zaharie akalaza bunduki majanini, akaokota sururu. Todor akaja, wakaja na wengine. Walichimba mchana kutwa, na kila walipopumzika walisikia. Ngo. Ngo. Wanawake wakalia kwa furaha. Yu hai!

"Vumilia, baba!" Shangazi akaita. "Tunakuja!"

Ngo.

Halafu kimya. Wakachimba kwa pupa. Kimya.

Baada ya nusu saa wakatoboa. Shangazi akapenya wa kwanza, kwa tumbo. Zaharie akamfuata na taa.

Candin alikuwa amelala chali. Amekufa. Shangazi akampapasa kwapani. Joto bado lilikuwepo. Walichelewa kidogo tu, jamani. Kidogo tu. Hapa Shangazi aliacha plamu zake, nami nikaacha zangu.

Zaharie ndiye aliyeona.

"Dada," alinong'ona. "Tazama mikono."

Mikono yote miwili ilikuwa chini ya jiwe. Lilikuwa jiwe la kunyanyuliwa na wanaume wanne. Lilimbana tangu Jumanne. Asingeweza kugonga hata mara moja.

Mle ndani kila kitu kilikuwa cheupe kwa vumbi. Uso wake ulikuwa safi. Nywele zilikuwa zimechanwa, zimepasuliwa njia upande, na bado zilikuwa na maji. Kwenye vumbi, karibu na kichwa, palikuwa na alama za magoti mawili. Nyayo hazikuwepo, za kuja wala za kuondoka.

Kampuni iliandika kwamba siku ya baruti shimoni hapakuwa na mtu, na mke wake mwenyewe alishuhudia.  Lakini kilichokuwa kikimchoma Shangazi kilikuwa kingine.

"Siku tatu Vâlva alituita tuje tumchukue mtu wetu," aliniambia. "Mimi nikafunga madirisha. Tukambeba Candin mpaka nyumbani, nikachota maji, nikashika kitana, nimwandae mume wangu kwa mazishi." Akaokota plamu nyingine. "Nilikaa pale na kitana mkononi, mwanangu. Sikuachiwa cha kufanya."