Koti Lililorudi Safi

Kila Jumapili alasiri, msichana alipiga pasi koti jeupe la kaka yake. Alianza na kola, akamalizia na mikono. Kaka huyo alikuwa wa kwanza katika jamii yao ndogo kuingia chuo cha udaktari.

Jumapili hiyo, kwa mara ya nne mfululizo, koti lilikuwa safi vilevile, mistari ya pasi haijavunjika.

“Kaka, huko wodini koti unalivaa, au unalibeba kama mtoto mchanga?”

Kaka hakucheka. Aliketi kitandani, akainamisha kichwa.

“Siendi tena. Wiki ya nne hii nashinda maktaba ya mji. Nilifeli majaribio. Wenzangu husoma kwa makundi, mimi siitwi. Nikifungua mdomo, wanaigiza lafudhi yangu.”

“Si ungemwomba mhadhiri msaada?”

“Nikiomba, watasema watu wetu hawaiwezi kazi hii. Pale niko peke yangu, mdogo wangu. Nikianguka mimi, tumeanguka sote. Usimwambie mama.”

Siku mbili msichana alikaa na siri hiyo. Siku ya tatu alimweleza mama, aliyekuwa akishona sare za shule. Cherehani ilinyamaza. Mama hakufoka, alikunja kitambaa, akasema, “Kesho tunakwenda chuoni, sote watatu.”

Huko chuoni, mhadhiri alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina la kaka.

“Mama, kiti cha mwanao kilikuwa kitupu mwezi mzima, nami sikuuliza. Kwa sheria ya chuo, mwaka huu umeshampotea, siwezi kuurudisha. Ataanza upya mwaka ujao. Yupo daktari aliyesoma hapa akiwa peke yake kama yeye; nitamwomba asome naye kila wiki.”

Kaka alilia bila sauti. Mama alimshika bega. “Ulidhani nitakupenda ukifaulu tu, baba?”

Mhadhiri alimgeukia msichana. “Umefanya vyema kusema. Mgonjwa akituficha maumivu, hatuwezi kumtibu, na mwanafunzi ni vivyo hivyo. Kuomba msaada si aibu. Aibu ni yetu sisi tuliomfungulia mlango, kisha tusimwonyeshe pa kukaa.”

Kaka aliitikia kwa kichwa. Mwaka mzima ulikuwa umempotea, na hakuna aliyejaribu kumwambia kwamba ni mfupi.