Mkono Kwenye Mtungi

Gati la Malé, mji mkuu wa Maldivi, siku ya mapumziko ni vurugu tupu: pikipiki, mabegi, watoto wanalia. Nazheeha, buibui jeusi, shela ya kijani, alikuwa akiikimbilia boti ya kwenda kisiwa cha Hulhumalé pale mapezi ya mpira yaliyochomoza kwenye begi la kijana mmoja yalipomchapa shavuni.

"We kaka, unatembea na mkia?"

"Samahani, dada. Nafundisha kupiga mbizi."

"Basi nifundishe bure, iwe fidia ya shavu langu."

Kijana, Shiyaz, hakubisha. Nazheeha alikuwa amechoshwa na duka la simu. Alitaka kazi ya kuongoza wageni chini ya bahari. Somo linalowatesa wote ni lile la kuelea katikati ya maji kwa pumzi tu, bila kupanda wala kuzama. Nazheeha alitulia kama picha ukutani. Wiki ya tatu yeye na Shiyaz walikuwa wakiitana "roho yangu" kwenye simu.

Mtihani ulisimamiwa na mwalimu mwingine. Kutulia dakika moja. Sekunde ya tisa Nazheeha alifyatuka kama kizibo, akaibukia mbele ya watu, anakohoa chumvi.

"Kwani hukujua?" Hawwa, mwanafunzi mwenzake, alishangaa. "Shiyaz huwa amekushika mtungi wa hewa kwa nyuma. Darasa zima tunaona."

Nazheeha akampigia Shiyaz simu palepale, maji yakimchuruzika.

"Roho yangu, umefaulu?"

"Roho yako ikazame! Wiki tatu unanining'iniza kama koti?"

"Naz, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Marudio ni Alhamisi. Nikifeli tena, nauza makava ya simu mpaka nizeeke! Kesho saa moja asubuhi uje baharini. Ukae mbele yangu, mikono nyuma. Ukinigusa, nakung'ata."

Walishuka mita tano. Hasira nayo ina hewa nyingi: kila Nazheeha alipomtazama Shiyaz alivuta pumzi ya kufura, akapanda, akaitoa yote, akatua mchangani kwa magoti. Shiyaz alifumbata mikono mgongoni, macho yamemtoka. Mara ya saba, kwa kuchoka tu kukasirika, Nazheeha akapumua kidogo kidogo. Akabaki palepale.

Alhamisi alifaulu. Shiyaz alikuwa akimsubiri getini.

"Haya, sema. Uliniona mjinga?"

"Siku ya kwanza ulikuwa unazama, nikakushika. Siku ya pili..." Akaangalia kandambili zake. "Siku ya pili sikuwa na sababu."

"Eti nini?"

"Naz, mji huu nikikushika mkono, kabla ya magharibi mama yako ameshapigiwa simu. Mtungi ndio kitu chako pekee nilichoweza kukishika."

Nazheeha akafura tena, masikio yamemwiva.

"Mshenzi we! Ungenifelisha maisha kwa sababu ya hilo? Baba yuko nyumbani mpaka saa kumi na moja. Njoo umwambie usoni, uache kunivizia mgongoni. Na uvae viatu!"